Wachora Mistari Wanaokwenda Kukimbia Pasipo na Mstari

Ni Jumapili asubuhi, maduka bado hayajafunguliwa, na Mama Kamba amepiga magoti katikati ya barabara kuu. Mkononi ameshika ncha ya kamba ndefu iliyopakwa unga wa chokaa. Ncha ya pili anayo shemeji yake, mdogo wa mumewe, huko mbali karibu na taa za magari. Wanaivuta mpaka inakaza. Kisha Mama Kamba anaiinua kidogo kwa vidole viwili na kuiachia. Pa! Kamba inapiga lami na kuacha mstari mwembamba mweupe, ulionyooka vizuri.

"Haya, leteni mashine," anasema, huku akijifuta chokaa usoni kwa mkono wenye chokaa zaidi.

Mashine ya rangi inakuja ikinguruma, ikisukumwa na wasichana wawili wanaoitwa Mapacha. Hawana undugu wowote, ni kwamba tu hawaachani. Nyuma yao anatembea Koni, mwanamume mrefu, mwembamba, mpole kupita kiasi, ambaye kazi yake ni kupanga zile koni za kuzuia magari. Shemeji ndiye dereva wa gari la kikosi. Hao watano ndio waliochora karibu kila mstari unaoonekana katika barabara za mji huu, na hakuna dereva hata mmoja aliyewahi kusimama kuwaambia asante.

Mama Kamba ana miaka hamsini na miwili. Zaidi ya ishirini kati ya hiyo ameimalizia kwenye kamba. Mwezi ujao, Mungu akijalia, atapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, yeye na kikosi chake chote, kwenda nchi ya mbali yenye baridi kujaribu mchezo ambao majirani zake mpaka leo hawajauelewa.

"Ni mbio, lakini si hizi za barabarani," anaeleza, kwa subira ya mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. "Kule unaonyeshwa kilele, unaambiwa nenda ukaguse, urudi. Utapita wapi, shauri yako. Majani, mawe, matope, vijito. Hakuna mshale, hakuna kamba, hakuna mtu wa kukupungia kibendera."

Mumewe, ambaye ni kinyozi, anaisikia habari hiyo kila siku akiwa kazini na kila siku inamchekesha upya. "Mke wangu huyu akitafuta ufunguo kwenye mkoba wake mwenyewe anahitaji msaada," anawaambia wateja. "Sasa anakwenda kutafuta njia kwenye milima ya watu."

Yote hayo yaliletwa na mashine. Iliponunuliwa mpya, alikuja nayo fundi kutoka nje kuwafundisha kuitumia. Fundi huyo alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye makovu magotini. Siku moja wakati wa chai aliwaonyesha picha katika simu yake: yeye na wenzake juu ya mlima, wametapakaa matope hadi masikioni, wanacheka kama wamechanganyikiwa. Akawaambia ndiyo burudani yake ya Jumamosi.

"Nikamuuliza, njia anaweka nani?" anakumbuka Mama Kamba. "Akasema hakuna anayeweka. Nikadhani hajanielewa. Nikamuuliza tena polepole. Akasema, mama, kila mtu anajitafutia."

Jibu hilo lilimkaa moyoni. Usiku ule hakulala vizuri. Maisha yake yote alikuwa akiwaambia watu pita hapa, usivuke hapa, simama hapa, na yeye mwenyewe, ukimwangalia vizuri, hakuwa amewahi kuchagua njia yoyote. Shule alifuata dada zake. Kazi alimfuata mama yake mdogo, aliyekuwa akipika rangi katika kikosi hichohicho. Hata kwa mumewe alipelekwa na shangazi, ingawa hapo, anasema, hana malalamiko.

Ndipo alipowaambia wenzake kwamba wanakwenda. Hakuuliza kama wangependa.

Tangu hapo umepita mwaka mmoja na nusu, na kazi ya kuandaa safari hiyo, kwa mtu ambaye hajawahi kuandaa kitu zaidi ya arusi ya binti yake, imekuwa shughuli pevu. Wameweka akiba kidogo kidogo kila mshahara. Wamefuatilia paspoti mpaka walinzi wa mlangoni wakawa wanawasalimia kwa majina ya utani. Ofisini kwao, mkubwa wa kazi alishika kichwa aliposikia kwamba kikosi kizima kinaomba likizo wiki moja.

"Barabara zangu atachora nani?" akauliza.

"Zitakungoja, bosi," Koni akamjibu kwa upole wake uleule. "Barabara haiendi popote."

Likizo ikapatikana. Viza ndiyo iliyokuwa na vituko. Afisa aliyewahoji alitaka kujua mshindi wa mbio hizo anapata zawadi gani. Mama Kamba akasema ukweli: keki, tena anayoioka mmoja wa wenyeji.

"Mnavuka bahari kwa ajili ya keki?"

"Hapana, baba. Keki wanapata washindi. Sisi tunakwenda kushindwa."

Afisa alicheka mpaka akavua miwani. Viza zilitoka zote tano.

Kikwazo cha kweli kilikuja baadaye, na kilimlenga yeye peke yake. Chama cha wakimbiaji cha yule fundi kule ng'ambo, ambacho kitawalaza bure katika ukumbi wake, kina sharti moja kwa wageni. Kila atakayekimbia lazima kwanza athibitishwe kuwa amevuka mlima usio na alama, peke yake, akitumia ramani na dira. Kule kwao ukungu hushuka ghafla, na asiyejua kujiongoza anaweza kupotea moja kwa moja. Asiyefaulu anakaribishwa kuja kupiga makofi.

Wa kuwafundisha alipatikana: mpima ardhi mstaafu, mwanamke mkavu mwenye kofia pana, wanayemwita Bibi Mpima. Kwa miezi kadhaa aliwafundisha nje ya mji, kwenye mlima ulio juu ya machimbo ya zamani ya kokoto. Siku ya mtihani alifunga tepe tatu za rangi katika sehemu tatu za mlima, akamtuma kila mtu kwa wakati wake akazilete.

Mapacha walifaulu, japo ilibidi watenganishwe kwa nguvu. Koni alifaulu. Shemeji alifaulu, akirudi na kiatu kimoja. Mama Kamba, mwenye safari yake, hakurudi kabisa.

Jua lilikuwa limeshaanza kupoa alipoletwa na muuza maziwa, amepakiwa nyuma ya pikipiki. Kumbe alipofika juu na kuona mlima umetanda pande zote, alibabaika. Akaangaza macho, akaona nguzo za umeme.

"Zilikuwa zimepangwa vizuri, zimenyooka," anasema, na mpaka leo anaficha uso akisimulia. "Nikajiambia, aliyepita hapa ana akili. Nikazifuata. Nguzo hadi nguzo, mpaka nikatokea kijiji cha pili, kwenye lami. Na pale kwenye lami, nisikufiche, moyo wangu ukatulia."

Bibi Mpima hakumkaripia. Alimwambia, "Mwanangu, macho yako yamezoea kushikwa mkono," kisha akampa nafasi ya pili baada ya wiki mbili.

Wiki mbili hizo zilikuwa chungu. Tiketi zimeshakatwa. Mama Kamba aliwaza kuwaaga wenzake kwenye uwanja wa ndege na kurudi nyumbani na gari la kikosi. Alipoliwazia jambo hilo, anasema, alisikia wivu mbaya, wivu kama wa kuwaonea watoto wake mwenyewe. Mumewe aliacha utani kwa siku tatu, jambo lililomtisha zaidi.

Siku ilipofika, alipanda mlima. Safari hii mambo yalikwenda vizuri ajabu. Miguu ilijua pa kukanyaga. Tepe ya kwanza aliiona bila taabu, akaivaa mkononi, akaendelea kwa furaha akijiona amekuwa mtu mwingine. Alipokuwa akielekea ya pili ndipo alipoinamisha macho na kugundua kwamba dira hajaitazama tangu alipoanza.

Mbele yake, juu ya mawe, palikuwa na chokaa.

Alama fupi nyeupe, nafasi, alama, nafasi. Vipimo vilevile vya mstari uliokatika wa katikati ya barabara, kwa sababu mikono iliyochora haikujua vipimo vingine. Na pale upande wa kulia, penye korongo, wenzake haohao walikuwa wamechora mstari mzima usiokatika, kwa maana kwamba usivuke.

Mama Kamba alikaa chini akacheka mpaka machozi yakatoka. Halafu machozi yakaendelea bila kicheko. "Niliwapenda na niliwachukia kwa wakati mmoja," anasema. "Walikuwa wameamka kabla ya jua, wamebeba chokaa mlima mzima kwa ajili yangu. Lakini walikuwa wameniwekea njia tena. Hata hapa!"

Chini ya mlima, Shemeji naye alikuwa ameanza kutokwa na jasho. Muda aliokadiria ulipita. Bibi Mpima alimtazama mara moja tu, naye akatapika yote, kwamba walikuwa wanne, kwamba chokaa ni ya kazini, kwamba hawakuwa na nia mbaya. Bibi alivua kofia, jambo ambalo hawakuwahi kumwona akilifanya.

"Mnajua kule anakokwenda hakuna chokaa?"

"Tunajua, Bibi."

"Basi mlitaka kumsaidia afike, au mlitaka kumsaidia apotee?"

Pacha mmoja alianza kulia, na kama kawaida mwenzake akamfuata.

Mama Kamba alipotokea, alitokea nyuma yao, upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama. Alikuwa na matope kifuani, mchubuko kidevuni, na tepe tatu. Aliwapita wenzake bila kuwasemesha, akafungua ile ya kwanza na kuiweka katika kiganja cha Bibi Mpima.

"Hizi mbili ni zangu. Hii niliongozwa."

"Bila hii mtihani haujakamilika, mwanangu."

"Najua. Ndiyo maana naomba ukaifunge tena. Mahali pengine, si palepale."

Bibi alimwuliza kama amechoka. Akajibu kwamba amechoka sana. Basi mama huyo wa watu, na umri wake, alichukua tepe na kuondoka taratibu kwenda kuifunga, na Mama Kamba akakaa juu ya jiwe kunywa maji. Shemeji alimsogelea.

"Shemeji, tusamehe."

"Nitawasameheni kesho. Leo nina kazi."

Mara hii walimwona akipanda. Akafika kwenye bega la mlima, akasimama, akageuza ramani, akaigeuza tena. Wote pale chini walikuwa wanajua tepe ilipo, kwa maana walimwona Bibi akienda. Koni, yule mpole, alilazimika kujiziba mdomo asije akapiga kelele ya "kushoto!" Mama Kamba alikwenda kulia. Akazama kwenye majani marefu, na mlima ukabaki mtupu.

Walikaa. Hakuna aliyechezea simu. Mumewe, aliyekuja baada ya kufunga kibanda chake cha kunyoa, aliuliza mke wake yuko wapi, akaonyeshwa mlima, akakaa nao.

Alishuka jioni, akichechemea, polepole kuliko mtu mwingine yeyote aliyewahi kufanya mtihani huo, na tepe ilikuwa mkononi. Bibi Mpima aliipokea. Akamwuliza amepita wapi mpaka akaifikia.

Mama Kamba aligeuka ili amwonyeshe. Akanyoosha kidole, akasita. Majani yalikuwa yamesimama tena. Mlima ulikuwa vilevile kama hakuna mtu aliyeukanyaga. Mwanamke ambaye kila alikopita kwa miaka ishirini ameacha mstari mweupe alitafuta alama yake mwenyewe na hakuiona.

"Huko," alisema, akizungusha mkono juu ya mlima mzima. "Nimepita huko."

"Umefaulu," akasema Bibi Mpima. "Sasa mpe mumeo huyo mkono, anakaribia kulia mbele ya watu."

Wanaondoka mwezi ujao. Chokaa ya kazini imelipwa kutoka katika mifuko yao wenyewe, na msamaha ulitolewa kesho yake kama alivyoahidi, baada ya kuwasugulisha mawe yote ya mlima ule kwa brashi na maji. Bibi Mpima naye amekubali kwenda, ingawa anasisitiza kwamba anakwenda kuangalia ramani za watu tu. Mama Kamba tayari ana mpango wa watakaporudi. Anataka kila mwisho wa mwezi awapeleke mlimani wafagiaji, makarani, wauza duka na yeyote aliyechoka kuambiwa apite wapi.

Lakini kwanza kuna mlima wa kule, na kuhusu huo ameshatoa amri. Anairudia hapa barabarani, huku akikunja kamba yake: kengele ikilia, kila mtu ashike njia yake. Hataki kuona kikosi kimejipanga nyuma yake.

"Na ukipotea je, shemeji?" anauliza dereva wake.

Mama Kamba anasimama, chokaa kwenye nyusi, anatabasamu kwa meno yote.

"Nikipotea, nimepotea mwenyewe."