Washeni Taa za Ukumbi

Swali la kwanza nililoulizwa kwenye redio ya Uingereza lilikuwa ni wapi nimejifunza kupiga ala ya Kizungu. Fidla ilikuwa mapajani mwangu. Nikamjibu mtangazaji kwamba nimefundishwa na mjomba wangu Unguja, naye alifundishwa na mjomba wake, na kwamba kwetu hakuna anayeiona ya Kizungu. Akacheka kwa adabu, akauliza kama nimekuja na ngoma pia. Sikuja na ngoma. Tangu siku hiyo kila nilipoalikwa mahali nilijua kuna mtu nyuma ya pazia anaitafuta ngoma yangu.

Niliishi kule miaka mingi, na si haki kusema yote yalikuwa mabaya. Mafundi wao wa sauti wanaijua kazi. Ukiambiwa mazoezi saa tisa, saa tisa waya zote zimeshafungwa na mtu anakuuliza unataka maji ya baridi au ya uvuguvugu. Nimepiga na wanamuziki wa kwao, kwenye chumba cha nyuma cha baa, wao na bia zao mimi na chai yangu, wakanifundisha nyimbo zao za zamani nami nikawafundisha zangu, wala hatukuhitaji mkalimani. Wapigaji hawakunipa tabu. Tabu ilikuwa kwa wale wanaoamua nani apande jukwaa lipi. Hao walikuwa na kapu moja wanaloliita muziki wa dunia, na humo walitutia sote: mimi, mtu wa Mali, mtu wa Bolivia na kikundi cha kina mama kutoka Bulgaria. Wao wenyewe sijui walikuwa wakipiga muziki wa wapi, labda wa mwezini. Kwenye matamasha ya viwanjani hema letu halikukosa kuwekwa jirani na wauza vyakula, na nimeimba mapenzi huku moshi wa vitunguu ukiniingia kooni. Kwenye ratiba niliandikwa “sauti ya jangwani”. Mimi ni mtu wa kisiwani. Jangwa nimeliona mara ya kwanza nilipohamia Oman.

Hayo yote ningeyavumilia. Lililonishinda ni giza.

Kwetu taarabu huimbwa taa zinawaka. Mwimbaji anawaona watu na watu wanamwona. Ubeti ukimgusa mtu ananyanyuka, anakuja taratibu kwa madaha, anamtunza mwimbaji noti, kisha anarudi kitini. Ile noti si malipo. Anachosema ni kwamba ubeti huu wangu, umenisemea yaliyonikaa moyoni. Na mwimbaji mwenye adabu hauachi ubeti mpaka aliyenyanyuka amefika. Anaurudia na kuurudia, na wapigaji wanamfuata. Kwa hiyo hakuna ajuaye wimbo utakwisha lini, mpaka waliomo ukumbini wameridhika.

Sasa nifikirieni mimi, mara yangu ya kwanza katika ukumbi mkubwa wa kule. Taa za ukumbi zikazimwa, mwanga wote ukawa wangu, mbele yangu sioni mtu. Nikaimba ubeti wa kwanza, hakuja mtu. Nikaurudia, nikidhani wako njiani. Nikaurudia tena, nikaupandisha, nikauremba. Kimya. Mpiga kanuni wangu, vidole kwenye nyuzi za ala yake, akaanza kutokwa jasho. Nikahisi nimewaudhi, nikaurudia kwa upole, kama mtu anayeomba radhi. Mwisho sauti ikakatika: fundi amezima kipaza sauti changu kwa kuwa muda wetu umekwisha. Taa zilipowaka nikawaona watu wote wamesimama wanapiga makofi. Gazeti moja likaandika kwamba nina mtindo wa marudio unaomtoa msikilizaji katika ulimwengu huu. Mtindo gani, na mimi nilikuwa nangoja watu tu?

Tulicheka sana na wenzangu. Lakini baada ya hapo nikazoea, na kuzoea ndiko kulikoniharibu. Nikajifunza kumaliza wimbo kwa dakika nne. Nikajifunza kuukata utangulizi wa ala, maana niliambiwa watu wanachoka. Nikajifunza kutabasamu gizani. Nikiimba vizuri walipiga makofi. Nikiimba na homa, sauti inakwaruza, walipiga makofi yale yale. Ni watu wa heshima, hawataki kumvunja mgeni moyo. Heshima ya namna hiyo inamuua mwimbaji polepole. Miaka ilipita sijui naimba au naharibu, na nilikuwa na hasira nisiyojua pa kuipeleka, kwani nani atamgombeza mtu anayempigia makofi?

Nilihamia Maskati mama alipoumwa. Alikuwa akiishi Ghubra kwa dada yangu, aliyeolewa na Mwomani ambaye wazee wake walitoka Unguja. Mama akatangulia mbele ya haki, mimi nikabaki. Jioni nafundisha watoto fidla sebuleni kwa dada, na Alhamisi naimba kwenye harusi, nyingi zake Sib, pembeni mwa Maskati, mimi na bendi ya wanawake peke yao.

Huku ndiko alikonifuata mwandaaji mmoja wa matamasha kutoka Uingereza, majira ya baridi yaliyopita. Alikuja na mwanamke anayefanya naye kazi. Tulikutana kwenye mkahawa Khuwair ya Kusini, tukaagiza chai ya karak, ile nzito ya maziwa na iliki, na kabla chai haijapoa akanieleza shauri lake: miji kadhaa, kumbi za maana, jina langu peke yake kwenye bango. Nilitaka kwenda. Niliseme hili mapema, msije mkanidhania nina kiburi cha asiyetamani. Mtu aliyezoea kupitishwa mlango wa nyuma, akifunguliwa wa mbele moyo unamdunda.

“Nyimbo sita,” akasema. “Dakika tano kila moja. Ukumbi giza, wewe peke yako kwenye mwanga. Itapendeza sana.”

“Njoo unisikie kwanza,” nikamwambia.

Akasema anazo rekodi zangu zote.

“Rekodi ni nusu yangu. Alhamisi naimba harusini Sib.”

Akafurahi, akatoa simu aandike mahali penyewe. Ikabidi nimweleze kwamba yeye haingii. Harusi ya wanawake haingii mwanamume, hata awe balozi. Nikauona uso wake unabadilika. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa kuna mlango wa muziki ambao haumhusu. Sitaficha, nilifurahi. Akaamua kumtuma mwenzake.

Mwenzake alikuja na gauni refu la kijani na mtandio mpya. Mlangoni alisimama msichana wa Tanga aliyeajiriwa na ukumbi kukusanya simu, maana ndani wanawake wamevua mabuibui na hakuna anayetaka picha yake izagae.

“Simu, madamu. Ukitoka unapewa yako,” akamwambia, mkono umekunjuliwa.

Mgeni akanitazama nimwokoe. Sikumwokoa. Akaitoa. Dada akamkalisha ubavuni pake, akamwekea halwa na kahawa, akamtia noti ya riyali mkononi na kumweleza kwa Kiingereza chake cha mkato kwamba wimbo ukimgusa, anyanyuke.

Nikaimba wimbo wangu mwenyewe, nilioutunga kulekule Uingereza na ambao kule sikuwahi kuumaliza:

*Ulidhani nitalia, mlango ukiufunga,*
*huku nje nachekelea, na kilemba nakifunga.*

Kina mama wakaanza kunyanyuka. Mmoja, aliyeachwa na mumewe mwezi ule na kila mtu anajua, alikuja, akarudi kukaa, akaja tena. Kisha nikamwona mgeni wetu anasimama. Maneno hakuyajua hata moja. Akaanza kuja, na kwa haya zake hakuthubutu kunitazama, macho akayakaza kwenye meza ya upande wa bwana harusi. Hakujua kwamba kwetu anayekwenda kutunza akimtazama mtu, basi ubeti kampelekea yeye. Vigelegele vikapasua ukumbi. Mama yake bwana harusi akaweka kikombe chini.

“Huyu Mzungu ana nini na mwanangu?” nikamsikia anamuuliza jirani yake.

Dada akakimbilia ile meza kusuluhisha, huku anacheka mpaka machozi. Mgeni hakujua alilolizusha. Njiani kina mama wakamshika mabega kumfundisha mwendo, kwamba huku hatuendi kama tunawahi basi, na mimi nikaurudia ubeti, nikaurudia, mpaka akafika. Akanipa ile noti kwa mikono miwili. Akaniinamia sikioni.

“Maisha yangu yote sikujua kwamba naruhusiwa,” akasema.

Siku ya pili yake tukarudi mkahawani, sisi watatu. Mwanamke yule alijaribu kumweleza bosi wake aliyoyaona, akashindwa, akabaki kuchezesha mikono hewani. Mimi nikasema lililonileta. Nitakuja kwenu, lakini taa za ukumbi ziwashwe. Njia ya katikati iachwe wazi, jukwaa liwe na ngazi za mbele ambazo hata bibi mwenye magoti mabovu atazipanda, na wimbo uende mpaka watu wameridhika.

Alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. Akazungumzia usalama wa jukwaa, bima, na saa ya kufunga ukumbi. Nikamwambia hayo yana dawa, kwani wao ni watu waliotengeneza ratiba ya treni. Hapo akaitoa sababu yenyewe.

“Watazamaji wetu hawajazoea.”

“Hata mimi nilipofika kwenu sikuwa nimezoea,” nikamwambia. “Baridi sikuizoea, giza sikulizoea, dakika nne sikuzizoea. Nikajifunza. Miaka yote ile nimejifunza mimi peke yangu, kwa ajili yetu sote. Sasa zamu yao.”

“Na taa zikiwaka, asinyanyuke mtu?”

Lilikuwa swali la haki, na hakuliuliza kwa dhihaka.

“Basi nitajua sikuimba vizuri. Lakini nitajua.”

Akasema anaweza kunipa onyesho moja la taa, katika mji mmoja, liwe jaribio. Nikamwambia siendi kufanyiwa jaribio ilhali kazi yangu ninaijua. Yote au basi. Tukaagana kwa heshima, akaahidi kwenda kuzungumza na wenye kumbi.

Dada alikuwa ananisubiri garini, na nilipomweleza alisahau hata kuwasha gari.

“Wewe una wazimu. Mtu kakufuata mpaka huku, we wamtilia masharti? Wallahi, mimi nnge... haya, tuache.”

“Tuache.”

“Hatuachi. Miaka unalia Uingereza hawakukujua. Leo wamekujua, unawafungia mlango.”

“Sikuufunga. Nimewaambia wawashe taa.”

“Wazee walisema, mcheza kwao hutunzwa. Basi kaa kwenu utunzwe, na hadithi za Uingereza khalas, sitaki kuzisikia tena mezani kwangu.”

“Walisema hutunzwa. Hawakusema asitoke.”

Akaguna, akawasha gari.

Jibu lilikuja kwa ujumbe mfupi wa simu, maneno laini sana. Wenye kumbi wamekataa, ananiheshimu, anasikitika, na nafasi ile amempa mwimbaji mwingine wa kwetu, binti mdogo. Namjua, ana sauti nzuri, nikamwombea kheri kwa dhati. Halafu nikaingia jikoni kwa dada, nikalia kama mtoto. Sikujuta, na niliumia. Mtu asiniambie haviwezi kukaa pamoja. Dada hakusema “nilikwambia”. Alinimenyea chungwa, akakaa nami. Fidla niliitundika ukutani na watoto nikawaambia mwalimu wao ana mafua.

Alhamisi ikafika, na harusi haingoji mtu apone. Ukumbi wa Sib ulikuwa umejaa, mataa yamewaka kila pembe, kila uso nauona. Nikaanza wimbo wa kwanza. Sauti ilitoka safi, vidole vilikuwa mahali pake, na mimi mwenyewe sikuwamo. Nilikuwa bado nabishana na mtu mkahawani. Nikaumaliza ubeti wa kwanza, hakunyanyuka mtu. Nikaurudia. Mama mmoja wa meza ya mbele akachukua sambusa, akala, huku ananitazama usoni wala hajaribu kuficha kitu. Nyuma yake wawili wanaongea. Nikaurudia mara ya tatu, nikawatazama meza kwa meza mpaka mlangoni, wanawake wote wale na dhahabu zao. Hakuna hata mmoja aliyenipigia kofi la huruma.

Nikaushusha upinde wa fidla. Bendi ikanyamaza.

“Mna haki,” nikawaambia.

Yule wa sambusa akatikisa kichwa kukubali. Nikanywa maji, nikamwambia mpiga kanuni ashushe sauti kidogo, tuanze upya.