Mafuta ya msonobari yamenibabua kifua

Jamani, tabibu wenu wa mtaa leo kajiunguza mwenyewe!

Nimenunua kichupa cha mafuta ya msonobari sokoni Mwandiga, nitibu mafua. Muuzaji kaniambia nichanganye matone mawili na mafuta ya kula.

Mimi wa kufundishwa?

Nikajimiminia kiganjani, nikajisugua kifua kizima kama napaka mawese.

Weee! Niliruka mpaka kuku wakakimbia.

Mama akaja na kitambaa chenye mawese kunifuta, matusi yako mdomoni tayari. Akanusa. Akanusa tena.

“Mwanangu, nyuma ya nyumba yetu Burundi kulikuwa kunanukia hivi.”

Tangu tuvuke mpaka hajawahi kuitaja ile nyumba.

“Usioge kwanza,” akasema.

Kifua kinawaka, bado ananinusa. Nyie mngeoga?