Fundi Aliyempaka Paka

Mtaani kwake wanamwita Mpaka-Paka, na ukimwita hivyo anaitika. Zamani angekurushia brashi. Ni fundi rangi, mrefu, mkavu, mwenye madoa ya rangi mpaka kwenye kope, na mdomo wake hauna breki. Ukikanyaga sakafu yake mbichi atakutajia ukoo mzima, ujute kuzaliwa na miguu. Sasa jina hilo kalipataje?

Mdogo wake wa kike ni mlinzi wa wanyamapori, huko juu milimani ambako barabara yenyewe inakata tamaa. Kituo ni nyumba ya mawe, vyumba viwili, jiko na baraza. Kazi yake ni kumlinda paka wa mlimani, paka pori mwenye manyoya ya rangi ya majivu na mkia mnene, ambaye wenzake wamebaki wachache mno. Tabu ni kwamba kwa miaka hakuna aliyemwona. Kamera alizofunga mlinzi kwenye miti zilileta nyani, sungura na ukungu. Wakubwa mjini wakachoka. Wakasema paka amekwisha, kituo kifungwe, nyumba wapewe watu wa hoteli, na yeye akakae getini kwenye bustani ya mjini, akate tiketi.

Nyumba ya hoteli lazima ipendeze, kwa hiyo akatafutwa fundi. Kaka mtu akaidaka kazi ile bila hata kuvutana bei, jambo ambalo si kawaida yake. Alijua mdogo wake ujana wote kaumwagia mlima ule, na hakutaka afungashe vitu vyake peke yake. Hayo hakumwambia. Alimwambia amefuata hewa safi.

Jioni moja akapaka baraza rangi nyekundu ya mafuta, akaenda kulala. Asubuhi, dada mtu akiwa ameshatoka kwa mlango wa jikoni kuzishusha kamera zake, fundi akafungua mlango na kukuta nyayo za paka zimekatiza baraza lake kutoka ukingo hadi ukingo. Lo, alitukana! Alimtukana paka, akamtukana mwenye paka, akamtukana na aliyemzaa mwenye paka. Kisha akachukua rola akapaka upya, kote, mpaka baraza likang'aa.

Dada mtu aliporudi, hata mzigo hajatua, akapokewa na malalamiko: awaambie majirani wafungie wanyama wao, kazi ya watu si ya kuchezewa.

Alisimama pale pale. "Paka wa nani, kaka? Huku juu nani anafuga paka?"

Jirani wa karibu yuko mteremko mzima chini. Lakini fundi ni mtu wa mjini, kwake paka ni yule wa jikoni, mwizi wa samaki, basi. Akatazama baraza lake. Kitu alichokitafuta mdogo wake miaka yote hiyo alikuwa amekipitishia rola kwa mkono wake mwenyewe.

Hakugombezwa. Afadhali angegombezwa. Mdogo wake alikaa juu ya mzigo, akauliza kwa upole nyayo zilielekea wapi. Hapo ndipo fundi alipozinduka: anayekanyaga rangi huondoka nayo. Wakashuka nyuma ya baraza, wakainama. Jiwe hili doa jekundu, jiwe lile doa jekundu. Rangi ya mafuta haiogopi umande. Wakayafuata madoa kwa magoti, yakififia, mara vidole vinne, mara viwili, hadi kwenye mwamba wenye ufa ambao yule mlinzi alikuwa akipita chini yake kila wiki. Akapiga picha kila doa kwa furaha, akaacha kamera moja mbele ya ufa.

Wakati wa kurudi furaha ikaingia mchanga. Aliuliza rangi ile ina nini ndani, maana paka hujilamba miguu. Fundi akasema kweli: ni sumu, hata kopo limeandikwa.

Siku zilizofuata fundi alipaka madirisha bila kumtukana hata inzi. Mnyama katafutwa hadi watu wakamkatia tamaa, anapatikana, halafu muuaji awe yeye! Mdogo wake naye hakulala vizuri, ila hakumlaumu, na hilo lilimuuma zaidi.

Walipanda pamoja kuitazama kamera. Picha ya kwanza, ukungu. Ya pili, ukungu. Ya tatu ilikuwa ya asubuhi hiyo hiyo waliyopanda: paka amesimama juani, mguu mmoja bado mwekundu, mdomoni kambeba mtoto kwa ngozi ya shingo.

"Mzima," mdogo wake akasema. "Kaka, yuko mzima, na kazaa."

Fundi akalia, mtu mzima na mvi zake, wala hakujificha. Akataka wakae pale wamsubiri apite, wamwone kwa macho. Mdogo wake akamshika mkono.

"Anahamisha watoto. Amesikia harufu yetu. Twende."

Wakashuka, na huko njiani ndiko mdogo wake alikombandika lile jina. Zile picha zilitosha, kituo hakikufungwa. Mlinzi bado yuko kule juu, na ile njia ya chini ya mwamba ameacha kuipita. Paka mwenyewe hajamwona kwa macho yake mpaka leo.