Alitoka Kwenda Wapi

Wanafunzi walimwita Nukta, naye alijua. Jina hilo lilitokana na maneno aliyoyasema mbele ya kila darasa jipya, kwamba nukta ni breki ya sentensi, na mwandishi asiye na breki ataishia mtaroni. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa, mtu mrefu mwenye mabega yaliyoinama kidogo, kama anayepita mlango mfupi hata akiwa katikati ya uwanja.

Kwa miaka mingi alisahihisha insha kwa mkono. Aliyabeba madaftari nyuma ya baiskeli, yamefungwa kwa mpira wa tairi, akayapanga mezani baada ya chakula. Mkewe, aliyekuwa fundi cherehani, aliyaita wake wenza.

"Wake wenza wako wamefika," alizoea kusema huku akiondoa sahani. "Leo zamu ya nani?"

"Kidato cha pili."

"Hao wenye midomo. Pole, mume wangu."

Kilichomtofautisha na walimu wengine ni yale aliyoyaandika chini ya insha. Wenzake waliandika "jitahidi" wakageuza ukurasa. Yeye aliandika kwa mtu. Mvulana mmoja aliyesimulia habari za mbuzi wao alirudishiwa maneno haya: "Mbuzi wako nimemwona, hata harufu nimeisikia. Lakini umemfunga kwa 'halafu' nyingi mno. Mfungue." Mvulana yule alitembea na daftari lake wiki nzima akiwaonyesha watu.

Kisha shule ikaletewa vishikwambi, na ndani yake programu ya kujifunzia. Mwanafunzi aliandika insha hapo, akaituma kwa mtandao, na kabla mwalimu hajavaa miwani programu ilikuwa imekwisha kupigia mistari makosa, kutoa alama na kuandika maoni. Kazi ya mwalimu ilikuwa kuyasoma maoni hayo, kurekebisha penye kasoro, kisha kuyaruhusu yaende. Chini ya kila maoni programu iliweka maneno mawili: Mwalimu wako.

Mwanzoni Nukta alisoma kila neno. Alibishana na programu kama anavyobishana na mwanafunzi mjuaji, akafuta, akaandika yake. Lakini juu ya ukurasa kulikuwa na kitufe kilichoandikwa "Kubali yote", na siku moja, akiwa na homa, alikibonyeza. Hakuna aliyelalamika. Siku nyingine alikuwa na kikao. Siku nyingine hakuwa na homa wala kikao. Wahenga walisema ukizoea vya kunyonga, vya kuchinja huviwezi, na yeye methali hiyo aliifundisha mwenyewe, tena kwa mifano.

Mkewe alifurahi. Meza ilikuwa tupu sasa, akaweza kutandaza vitambaa vyake. "Wake wenza wameolewa kwingine," aliwaambia mashoga zake. Nukta alicheka nao, ila kicheko kilimkwama mahali, kama punje ya wali iliyopita njia siyo. Shuleni alianza kusifiwa kwa kurudisha kazi mapema kuliko wote. Mwalimu wa hesabu, rafiki yake wa kuchangia naye chai, alimtania.

"Nukta, wewe siku hizi unasahihisha kwa macho au kwa pua?"

"Kwa uzoefu," alijibu, na akaona haya usoni kabla hajamaliza neno.

Mkuu wa shule, mwanamke mwenye haraka na mipango, akaamua kwamba mtu wa namna hiyo lazima awafundishe wengine. Semina ikaandaliwa katika maktaba. Walikuja walimu wa shule jirani na afisa elimu mmoja, wakakaa kwenye viti vya wanafunzi magoti yakiwa juu, na shuka jeupe likatundikwa ukutani kwa ajili ya projekta.

Nukta alieleza vizuri. Alionyesha mahali pa kuingilia, mahali pa alama, mahali pa maoni. Afisa elimu akauliza, "Sawa, mwalimu, lakini mtoto ananufaikaje? Tuonyeshe mmoja."

"Hilo ni rahisi," alisema Nukta. Programu ilikuwa na ukurasa wa walioboresha kazi zao zaidi, ikiweka insha ya kwanza kushoto na ya pili kulia. Alibonyeza jina la juu kabisa bila hata kulitazama sana. Insha iliitwa "Siku Nisiyoisahau". Akaanza kusoma kwa sauti yake ya darasani, sauti ambayo hata wasiopenda Kiswahili waliipenda.

"'Ijumaa ile alfajiri, baba alitutoka.'"

Sikio lake lilielewa papo hapo. Lakini macho yalikuwa yamekwisha kutangulia kwenye maoni, na mdomo ukafuata macho, kama miguu ya mtu anayeteremka mlima hata akitaka kusimama.

"'Kazi nzuri. Umesema baba yako aliwatoka siku ya Ijumaa, ila hujamweleza msomaji alitoka kwenda wapi, kwa sababu gani, na atarudi lini. Ongeza maelezo hayo ili habari ikamilike. Mwalimu wako.'"

Hapo alinyamaza. Kunyamaza hakukusaidia, kwa sababu shuka lilikuwa kubwa na kila mtu maktaba nzima alijua kusoma. Upande wa kulia mtoto alikuwa amejibu:

"Mwalimu, alitoka wodi ya wanaume akapelekwa chumba cha maiti. Kutoka huko alikuja nyumbani kidogo, akalazwa sebuleni, halafu akatoka tena kwenda makaburini, kule nyuma ya kiwanda cha matofali. Sababu ni figo. Kuhusu atarudi lini, nimefikiri sana. Harudi."

Na chini yake, pamoja na picha ndogo ya mikono inayopiga makofi: "Hongera! Sasa maelezo yamekamilika. Alama zako zimepanda. Mwalimu wako."

Mwalimu mmoja mama wa makamo, aliyekaa mbele, alifunika mdomo kwa kiganja. Hakuna aliyecheka. Nukta angeshukuru kama mtu angecheka. Mwalimu wa hesabu aliinuka taratibu, akaenda ukutani, akachomoa waya wa projekta.

"Umeme unasumbua," alisema.

"Ndiyo, umeme," Nukta aliitikia. Juu ya vichwa vyao feni ilikuwa inazunguka.

Mkuu akatangaza mapumziko ya chai, na watu wakatoka kwa adabu ile ya watu wanaotoka chumba cha mgonjwa. Mwalimu wa hesabu alibaki nyuma.

"Ni mtoto wa nani?"

"Wa fundi redio."

"Yule marehemu? Si ulikwenda msibani wewe? Si ndiye uliyetoa salamu za walimu?"

Fundi redio alikuwa na kibanda karibu na lango la shule. Ndiye aliyewatengenezea spika za uwanjani, na kila mara zilipokoroma walimwita. Alipofariki, walimu walimtuma Nukta akaseme kwa niaba yao, kwa kuwa yeye ndiye mwenye maneno. Alisema, watu wakalia, mkono wa mjane aliushika kwa mikono miwili. Kisha akarudi nyumbani, na wiki iliyofuata akabonyeza kitufe.

Alimkuta binti wa fundi darasani kwake, akamwomba mwalimu wa zamu amruhusu. Walisimama kwenye varanda. Alikuwa msichana mwembamba, sweta la shule limemzidi mikono.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Alivua miwani. "Mwanangu, nimekuja kuhusu insha yako. Ile ya baba."

"Bado kuna kitu sijaeleza?"

Aliuliza kwa heshima tu, bila kejeli hata chembe. Nukta akaona heri angetukanwa.

"Hapana. Hukupaswa kueleza chochote. Lile swali lilikuwa ovu."

"Mimi nilishangaa kidogo," alisema binti. "Kwa sababu neno lile nililichukua kwako. Pale msibani ulisema, 'Mwenzetu ametutoka.' Mimi nilikuwa nataka kuandika 'alikufa', halafu nikaona lako ni zuri zaidi, halimuumizi mama. Sasa uliponiuliza alitoka kwenda wapi, nikafikiri labda unataka nijizoeze kulisema lenyewe. Nikasema mwalimu ana maana yake."

"Sikuwa na maana yoyote," alisema Nukta. "Sikuisoma."

Binti alimtazama.

"Ile programu ndiyo iliyosoma. Haikulielewa neno. Mimi niliipa ruhusa tu, kwako na kwa darasa zima, bila kufungua hata moja. Ningefungua, ningejua. Nisamehe, mwanangu."

Alikuwa ameyapanga maneno hayo tangu maktaba, akadhani akishayasema mzigo utapungua. Binti alivuta mkono wa sweta, akaukunja, akaukunjua.

"Na ile nyingine?"

"Ipi?"

"Ya muhula uliopita. Ya kibanda cha baba. Uliandika, 'Una jicho la mwandishi, usiache kuandika.' Baba aliisoma, akamwita mama aje asikie. Kila mteja aliyeleta redio alisomewa. Hata hospitalini aliwaambia manesi, 'Huyu binti yangu mwalimu wake anasema ana jicho.'" Aliuachia mkono wa sweta. "Ile ni wewe, au ni hiyo programu?"

Hapo ndipo Nukta alipojua kwamba aibu ya maktaba ilikuwa mlango tu, na chumba chenyewe ndicho hiki. Ingekuwa rahisi kusema "ni mimi". Neno moja tu, na marehemu angebaki na furaha yake, na mtoto na yake, na mama vilevile. Nani angejua? Alijaribu kukumbuka insha ya kibanda, walau sentensi moja, walau redio moja iliyotajwa ndani yake, ili apate pa kushika aseme kweli nusu. Hakukumbuka chochote. Aliona kitufe tu.

"Haikuwa yangu," alisema.

Darasani watoto walikuwa wakiitikia kitu kwa pamoja, kisha wakatulia. Binti alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu na hawezi kukinunua.

"Kwa hiyo hujui kama ninalo au sina."

"Sijui. Naomba nizisome sasa, zote mbili. Nitakuandikia mwenyewe, yaliyo ya kweli."

"Ya kibanda unaweza kusoma," alisema binti. "Ile nyingine nitaifuta. Ya kwanza na ya pili. Sitaki alama zake."

"Sawa."

"Ila ukiisoma ya kibanda, ukiona ni ya kawaida, niambie ni ya kawaida."

"Nitakuambia."

Kwa mara ya kwanza macho ya binti yalilengwa na machozi, naye akayageuzia uwanjani mpaka yakakauka, na mwalimu hakuthubutu kutoa leso wala neno.

"Lakini mama tusimwambie," alisema hatimaye. "Wageni wakija bado anawasimulia. Akikushukuru, mwalimu, wewe itikia tu."

Nukta alifungua mdomo akataka kusema kwamba hataweza. Akaufunga. Mtoto alikuwa amemkabidhi adhabu, tena kwa upole, bila kujua kwamba ni adhabu.

"Nitaitikia," alisema.

"Naweza kurudi darasani?"

"Nenda."