Fundi Dzombo na Chokoleti ya Korosho

Blenda ya Mwalimu Jemima ilifika kwa fundi Dzombo Jumatatu, ikatengenezwa, na Alhamisi ya wiki iyo hiyo ikarudi imeungua tena.

Dzombo alikuwa na kibanda chake Ukunda, nyuma ya kituo cha tuktuk. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akitengeneza pasi, feni na kila kitu chenye mota. Alikuwa mtu wa Kinondo, aliyefiwa na mkewe zamani, mpole, na mwenye maneno machache mno. Ukimpelekea feni atakwambia "Jumanne," na ukirudi Jumanne atakwambia "Tayari." Basi. Kitu kimoja tu kilimnyima raha: kazi yake kurudi.

"Shikamoo fundi," Jemima alisema, akiiweka blenda mezani kwa haya. "Imetoa moshi tena."

"Marahaba, mwalimu."

Dzombo aliifungua. Waya za mota zilikuwa nyeusi, na kwenye raba ya chini palikuwa na utando wa kahawia wenye mafuta. Akaugusa kwa kidole, akanusa, kisha akaonja.

"Unasaga nini humu?"

Jemima akacheka, akamweleza. Mumewe, Kaloki, alikuwa askari wa zamu ya usiku kwenye nyumba moja ya wageni kule Diani. Wageni walipoondoka walimwachia makopo matatu ya chokoleti ya kupaka mkate, ile inayochanganywa na njugu za Ulaya. Kaloki aliipenda hata akawa anaila kwa kijiko, mkate ukibaki mezani. Kisha alikwenda kupimwa zahanati, akaambiwa sukari yake imeanza kupanda.

"Nikasoma maandishi ya kopo, fundi. Sukari ndiyo ya kwanza, mafuta ya pili, njugu zenyewe haba. Nikasema, mbona korosho tunazo hapa hapa? Nitamtengenezea ya nyumbani."

Dzombo akaivuta blenda upande wake. "Jumapili nitakuja nione unavyosaga," akasema.

Jumapili, Jemima alipotoka kanisani, alimkuta fundi mlangoni, blenda iliyokwisha kutengenezwa kwapani. Kaloki alikuwa chumbani amelala baada ya zamu yake. Jemima akatoa vitu vyake: korosho mbichi zilizobanguliwa, kopo la kakao, na bakuli la tende alizoziloweka tangu asubuhi. Akavimwaga vyote pamoja kwenye blenda, akabonyeza.

"Zima!" Dzombo akasema. "Husikii inavyolia?"

"Blenda zote hulia, fundi."

"Hii inalia kwa uchungu."

Wakatazama ndani. Palikuwa na donge moja zito lililong'ang'ania visu kama udongo wa mfinyanzi. Dzombo akaweka kiganja kwenye mota, akakiondoa upesi. "Korosho baridi, ngumu, na maji ya tende. Hata mimi ningetoa moshi."

Wakaanza upya. Jemima alikaanga korosho kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka nyumba nzima ikanukia. Dzombo akaomba kinu. Akazitwanga zingali moto, mikono ya shati ameikunja, huku Jemima akimcheka kwa jinsi alivyoushika mchi kama bisibisi. Ndipo zikaingia kwenye blenda. Dakika moja kusaga, dakika mbili kupumzika, kiganja cha fundi kikiwa kwenye mota muda wote.

Kwanza zikawa unga, kisha donge tena. Jemima akanyoosha mkono kuchukua kikombe cha maji.

"Subiri," Dzombo akasema. "Imebadilisha sauti."

Na kweli, baada ya mizunguko mingine mitatu, korosho zilitoa mafuta yake zenyewe, donge likalegea, likaanza kuzunguka taratibu kama uji mzito. Jemima akapiga makofi. Akatia kakao, chumvi kidogo na kijiko cha mafuta ya nazi. Kwenye tende wakabishana. Dzombo alitaka nyingi.

"Tende nazo ni sukari, fundi. Sita tu, na safari hii kavu, tuzitwange kwanza."

Hapo fundi akavuta kinu. Mota ilikuwa yake, chakula cha mwalimu.

Kelele zilimwamsha Kaloki. Alitokea amejifunga kikoi, macho mekundu, akasalimia, akapewa kipande cha mkate kilichopakwa. Akatafuna polepole, wao wawili wakimkodolea macho.

"Si kama ile," akasema.

Jemima akanywea.

"Ile ilikuwa tamu tu. Hii ina korosho, ninazisikia kabisa!" Akamega kipande kingine. "Nimeruhusiwa vijiko vingapi kwa siku?"

"Kimoja."

Kaloki akaenda jikoni, akarudi na upawa. Wakacheka mpaka Dzombo akafuta machozi kwa mkono wa shati.

Habari zilisambaa kupitia wazazi wa chekechea anakofundisha Jemima. Mwezi haukuisha, akaja kibandani Mwanasha, mama mjane wa Msambweni, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaobangua korosho. Alibeba blenda iliyoungua. Akamwomba Dzombo aitengeneze, kisha aje awafundishe wenzake.

"Mimi si mtu wa kusema mbele za watu," Dzombo akajibu.

"Usiseme. Saga tu, sisi tutatazama."

Akaenda, shati limepigwa pasi, blenda juu ya stuli, akina mama thelathini wamemzunguka. Mwanzoni alisaga kimya. Kisha mmoja akauliza kwa nini mota ipumzishwe, na Dzombo akajibu. Akajibu kwa muda mrefu. Alieleza habari za waya, za joto, za kusikiliza sauti, mpaka wakasahau kumpa chai. Mwanasha ndiye aliyekumbuka, akamletea yeye mwenyewe, pamoja na kopo lililojaa chokoleti ya korosho la kwenda nalo.

Siku hizi kila Jumamosi kibanda cha Ukunda hufungwa saa sita. Ukimuuliza fundi anakokwenda atakwambia, "Msambweni, kuangalia blenda." Jemima, aliyemuulizia kwa akina mama wa huko, anasema blenda zao zote ni nzima, na chai ya fundi bado huletwa na Mwanasha mwenyewe.