Konokono Mwenye Mdomo wa Kushoto

Juu ya meza yangu kando ya barabara ya Diani hakuna twiga. Hakuna ndovu, hakuna Mmasai aliyesimama kwa mguu mmoja, hakuna mnazi ulioinamia jua linalozama. Jirani yangu wa meza ya pili anavyo vyote hivyo, anauza, anamshukuru Mungu, na hatugombani. Kwangu mimi kuna kimelea cha malaria kikiwa ndani ya chembe ya damu, pete ndogo yenye kito kimoja. Kuna jani la mchu, ule mkoko unaotoa chumvi kwenye majani, vitundu vyake vya chumvi vikiwa vimekuzwa hadi ukubwa wa vifungo vya shati. Kuna mguu wa mbu wenye nywele nyingi kuliko kichwa changu. Vyote nimevichonga kwa mkono kwenye mpira wa sakafu, nikaupaka wino kwa rola, nikalaza karatasi juu yake na kuisugua mgongoni kwa upawa hadi picha ikashika. Sina mashine. Upawa wenyewe ni wa mama. Nilimwibia, na anajua.

Wageni husimama wakauliza kama ile pete ya malaria ni ua la aina gani. Wenyeji hawaulizi, wao hujua mara moja kwamba kuna jambo baya pale. Mama mmoja wa Bongwe, ninakoishi, aliniambia mbele ya watu kwamba wenzangu wanauza mapambo na mimi nauza magonjwa. Nilimjibu kwamba magonjwa tunapewa bure, mimi nauza picha zake. Neno hilo nimeambiwa mara nyingi hata halinikasirishi tena. Huo ni uongo. Hunikasirisha kila mara.

Ili nieleweke, lazima nirudi Msambweni, upande wa ndani, ambako mama alikuwa akilima mpunga bondeni karibu na kijito. Humo tulioga, humo tulifua, humo tulicheza mama akipalilia. Nilipokuwa na miaka tisa nilikojoa damu. Nilimwonyesha mama. Mama akatazama, akamwita shangazi, shangazi akamwita jirani, na kabla ya adhuhuri wakawa wameshakubaliana kwamba nimevunja ungo mapema. Nilifungwa kanga mpya. Nilipigiwa vigelegele. Niliwekwa ndani siku saba, nikafundwa mambo ya wanawake ambayo sikuelewa hata nusu yake, huku nikisikia wenzangu wakicheza nje.

Siku ya saba damu ilikuwa bado inatoka. Wakasema wengine ndivyo wanavyoanza. Wavulana wa kijito kile kile nao walikuwa wakikojoa damu, na baba zao walitabasamu wakasema wameanza kuwa wanaume. Hakuna aliyekuwa mjinga pale, nataka hilo lieleweke. Waliona damu kwa watoto wao na wakaipa jina lile walilokuwa nalo.

Ilichukua miezi mingi. Kisha wakaja watu wa afya shuleni na vikopo vya plastiki, wakaweka hadubini juu ya meza ya mwalimu. Dada aliyekuwa akipima aliona nimemkodolea macho, akanivuta kiti. Nikainama. Katikati ya mwanga kulikuwa na yai refu kidogo, jembamba, linang'aa kama kioo, na mwisho wake likiwa na mwiba mmoja. Aliniambia ni yai la mnyoo wa kichocho na limetoka mwilini mwangu. Aliniambia kwa upole, akifikiri nitaogopa. Mimi nilikuwa sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, na nilikuwa na hasira nacho, na sijaachana na mambo hayo mawili hadi leo.

Nilipewa dawa, nikapona. Baadaye wale watu wa afya walikwenda hadi kijitoni wakawafundisha akina mama kumtambua konokono anayebeba mnyoo huo. Ni mdogo, mtu anaweza kumficha chini ya ukucha wa kidole gumba. Mshike ncha ikiwa juu na mdomo wa gamba ukikutazama. Mdomo ukiwa kushoto, toa watoto majini. Mama alilishika somo hilo kuliko wote. Kwa miaka mingi alikuwa hapiti kijitoni bila kuinama, kuokota gamba kavu ukingoni na kulishika hivyo mbele ya macho. Lakini kuhusu zile siku saba hakusema neno. Ile kanga aliikunja, akaiweka chini kabisa ya sanduku lake, na sikumwona akiivaa wala akimpa mtu.

Nilipokua nilifanya kazi maabara, katika kliniki ndogo ya mtu binafsi mjini Ukunda. Nilikuwa nikichora nilichokiona nyuma ya fomu zilizoharibika. Kliniki ilipofungwa, michoro ilikuwa imejaa sanduku zima, nami nilikuwa sitaki tena kuajiriwa. Nikajifunza kuchonga, nikajikata vidole, nikapata meza kando ya barabara.

Basi mwaka jana akaja dada mmoja anayesimamia mapambo ya hoteli. Ni mtu wa bara, mwenye adabu, amevaa miwani mikubwa, na alikuwa wa kwanza kutazama meza yangu yote bila kucheka wala kukunja uso. Alisimama mbele ya mchoro wa penseli wa konokono, mchoro tu, nilikuwa bado sijauchonga. Akasema mzunguko ule wa gamba unamtuliza moyo. Hoteli ilikuwa inafungua vyumba vipya na alitaka konokono huyo kila chumba, juu ya kitanda. Wakimpenda, angenipa na ukuta wa mapokezi, uwe wangu, nibadilishe picha kila msimu.

Ukuta. Anayeuza mezani juani ndiye anayejua ukuta ni kitu gani. Karatasi hazipauki, mvua haikukimbizi, na mtu akipita hawezi kusema unauza magonjwa, kwa sababu kitu kikishawekwa kwenye fremu ndani ya hoteli huwa ni sanaa. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Alikuwa na ombi moja dogo. Chini ya kila picha huwa nachonga maneno mawili matatu, kusema kilichopo ni nini. Akaomba safari hii nisiandike kitu. Kichocho juu ya kitanda cha mgeni, alisema, hapana. Nikasema hakuna neno.

Neno lilikuwepo. Anayechapa kwa mkono anajua kwamba karatasi hugeuza kila kitu. Ulichochonga kushoto kitatokea kulia. Kwa hiyo herufi huchongwa kinyumenyume, na mimi huanza na herufi daima, ndizo zinazoniamsha kichwa nikumbuke kugeuza na picha. Safari hii hapakuwa na herufi. Nilikwenda Msambweni nikiwa na mabuti ya mpira, nikaokota gamba kavu ukingoni, nikaliweka mbele yangu, nikachonga kama nilivyoliona. Nilichonga vizuri. Sijawahi kuchonga vizuri vile. Nikachapa karatasi zote za hoteli na kuzianika uani kwa vibanio vya nguo, safu kwa safu, na nilipopita katikati yake nilijiona mtu mkubwa.

Kesho yake asubuhi mama alifika na furushi la kisamvu na mihogo. Nilimwamkia, akaitika, akaketi barazani kuvua viatu. Kisha akaona zile karatasi. Aliinuka mguu mmoja ukiwa na kiatu na mmoja hauna, akaenda hadi kwenye kamba. Alitazama ya kwanza. Akatazama ya pili, ya tatu, kana kwamba mojawapo ingekuwa tofauti. Nilikuwa nangojea anisifu.

"Mwanangu," akasema, "huyu si yeye."

Nilijua palepale. Midomo yote ya konokono wangu ilikuwa kulia. Nilikuwa nimechapa konokono mwingine kabisa, asiyemdhuru mtu, na mimi ndiye niliyekaa maabara miaka yote ile.

Badala ya kukiri, nilimjibu vibaya. Nilimweleza habari za karatasi kugeuza, kwa sauti ile ya kumfundisha mtu ambaye hakusoma. Nikasema kazi ni ya hoteli. Nikasema wageni hawatajua, wao wanataka gamba zuri tu, na kwamba hata hivyo ni picha, si somo la afya. Nilikuwa nasikia maneno yangu na kuyatambua. Ni maneno ambayo mtu mwingine angesimama mbele ya meza yangu na kuyasema, ningemrukia. Niliona haya, na kwa sababu niliona haya nikaongeza sauti.

Mama aliningoja nimalize. Hakukasirika. Alishika pembe ya karatasi moja kwa vidole viwili, kwa uangalifu, asiichafue.

"Mimi nilikosa kumjua mara ya kwanza," akasema. "Wewe usikose mara ya pili."

Miaka thelathini nilikuwa nimengoja mama aseme jambo hilo, na aliposema lilikuwa fupi hivyo. Alirudi barazani akavua kiatu kilichobaki na kuanza kumenya mihogo. Mimi nilibaki kwenye kamba nikilia, na sioni aibu kuandika hivyo.

Mchana nilikwenda hotelini. Nilimweleza yule dada kwamba picha zote zina kosa, anipe siku kumi nichonge upya, na kwamba safari hii zitakuwa na maneno chini. Alinisikiliza hadi mwisho. Akatoa simu yake, akaitazama picha niliyokuwa nimemtumia jana yake, akaigeuza huku na huku.

"Msanii, mimi sioni kosa hapa," akasema. "Vyumba zinafunguliwa Ijumaa. Hakuna mgeni atalala akiuliza mdomo ya konokono iko wapi."

"Najua," nikamwambia. "Lakini mimi nitalala nikijua. Na mama yangu anajua."

Alinishauri kama rafiki. Alisema nisijiharibie, kwamba watu wanaoutaka ule ukuta wa mapokezi ni wengi na wote wana picha tayari. Nilimwamini, maana alikuwa anasema kweli. Kama ningekuwa na nafsi mbili, moja ingepeleka zile karatasi hotelini jioni ile ile. Ninayo moja, nayo ni kaidi. Nilimshukuru kwa heshima, tukaagana kwa mikono, na vyumba vikafunguliwa Ijumaa vikiwa na picha za makome ya baharini zilizoletwa kutoka Nairobi. Nimeambiwa zinapendeza.

Zile chapa nilizikata katikati, zote, na jirani yangu wa twiga alishika kichwa. Alisema hata kama zina kosa angeniuzia yeye, huko kwake hakuna anayeuliza. Nikamwambia ndiyo maana sikumpa. Upande wa nyuma wa vipande hivyo ndio ninaojaribia wino sasa. Nikachonga upya. Nilianza na herufi, kinyumenyume, taratibu: KONOKONO WA KICHOCHO. MDOMO KUSHOTO. Kisha nikamchonga yeye, akiwa amegeuzwa, ili karatasi imrudishe alivyo. Nilipoinua karatasi ya kwanza mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Alimtazama muda mrefu. Akaniomba ile ile, yenye alama ya kidole changu pembeni, nami nilitaka kumpa safi zaidi lakini alikataa.

Ukuta wa mapokezi sikuupata. Bado niko mezani, karatasi zinapauka, mvua ikija nakimbia. Yule konokono anauzika polepole. Wageni humnunua kwa uzuri wake, kisha husoma maneno na kuuliza, nami huwaeleza hata kama wana haraka. Mwalimu mmoja wa Waa alichukua tatu akazibandike darasani. Wanaosema nauza magonjwa bado wanasema, na mimi bado nawajibu.

Mwezi uliopita nilikwenda Msambweni kumtazama mama. Nilikuta ameitundika picha sebuleni, mkabala na mlango, na kuizungushia kitambaa pembeni badala ya fremu. Nilikitambua kitambaa. Ilikuwa ile kanga, ameipasua. Walikuwepo wanawake wanne wamekuja kupanga mambo ya arusi ya jirani, na mmoja wao, mgeni pale kijijini, akauliza kwa nini mtu anaweka dudu ukutani mahali pa kupokea wageni. Nikafungua mdomo kumjibu, maana majibu ninayo tayari siku zote. Mama akaninyamazisha kwa mkono.

"Huyo ndiye aliyemtoa mwanangu damu," akasema, kwa sauti ya kufika hadi uani. "Na mimi nikampigia vigelegele."