Nyumba Niliyoijenga Mezani

Katoni ile ililetwa hemani asubuhi moja, watoto wakiwa wamepanga mstari nje kungojea uji. Dereva aliiweka mlangoni, akanipa karatasi nitie sahihi, akaenda zake. Nilikata kamba kwa wembe. Juu kulikuwa na mipira miwili isiyo na upepo, chini yake vitabu vya kupaka rangi, na chini kabisa vitofali vya plastiki, vile vidogo vya kushikana, vyenye vichwa juu na matundu chini. Vilikuwa vimemwagwa humo bila mfuko: vyekundu, vyeupe, vya buluu, na vya manjano vichache, pamoja na vingine vyenye dirisha. Niliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Niliposikia vikigongana nilikaa chini pale pale vumbini, mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu, mwalimu wa darasa la tano.

Hema hilo lilikuwa katika kambi ya watu waliokimbia vita, karibu na uwanja wa ndege wa Bunia. Shirika moja la misaada lilikuwa limelisimamisha ili watoto wapate mahali pa kucheza, na kwa kuwa nilikuwa mwalimu asiye na shule, nikachukuliwa kuwaangalia.

Vitofali hivyo nilivijua tangu zamani. Nilipokuwa na miaka saba au minane, mama yangu alikuwa akiwafulia nguo masista wa misheni moja huko upande wa Djugu, kila Jumamosi. Sebuleni kwao palikuwa na bati la biskuti lililojaa vitofali, lililoachwa na watoto wa mgeni fulani. Sista mmoja mnene, aliyekuwa akisahau miwani yake kila mahali, aliniruhusu kucheza kwenye mkeka kwa sharti moja: mama akimaliza kuanika, kila kitu kirudi batini. Kwa hiyo utotoni sikuwahi kumaliza nyumba hata moja. Nilikuwa nikifika kwenye madirisha, mama anaita. Jumamosi iliyofuata naanza tena msingi. Kisha masista wale wakahamishwa, bati likaenda nao, nami nikasahau. Ndivyo nilivyodhani.

Nilipooa nilijenga nyumba ya kweli, huko huko upande wa Djugu. Mimi na mke wangu tulifyatua matofali wenyewe, tukayachoma wenyewe, mwaka mzima. Yeye ndiye aliyechagua mlango uelekee wapi. Vyumba vitatu, jikoni ya nje, na chumba kimoja kati ya vile tulimpa mama yake, mjane, ambaye alikuja kukaa nasi mtoto wetu alipozaliwa.

Siku kijiji chetu kiliposhambuliwa mimi sikuwapo. Nilikuwa nimeshuka Bunia kwenye mkutano wa walimu, mkutano wa siku mbili tu. Siku ya pili njia ikafungwa. Watu waliofika kwa miguu walisema vijiji vya upande wetu vimechomwa, na kwamba wanawake wengi wamekimbilia ziwani, mpakani na Uganda. Mke wangu, binti yetu wa miezi mitano, mama mkwe wangu: hakuna aliyewaona. Kisha vita vikaingia mjini kwenyewe, nami nikakimbilia kambini pamoja na wengine, na koti langu la mkutano mwilini. Humo nilizunguka hema kwa hema nikiuliza, mpaka watu wakaanza kutikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Basi siku ile ya katoni, watoto walipoondoka saa sita mchana, sikuondoka. Nilivuta kiti kidogo cha mtoto, nikaanza. Ukuta mmoja mwekundu, wa pili, kona. Mikono ilikumbuka yenyewe kwamba kitofali cha juu lazima kilalie viwili vya chini, kama mwashi anavyofanya, la sivyo ukuta unafunguka. Nilipofika kwenye madirisha nilisita, nikisubiri kuitwa. Hakuna aliyeita. Nikaendelea.

Msimamizi wetu alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Mahagi, mkali sana kwa mambo ya usafi na ya funguo. Aliingia nikiwa bado nimeinama.

"Mwalimu, weye iko unafanya nini?"

"Niko napanga michezo, mama."

"Kupanga? Hii ni nyumba."

Aliweka daftari lake chini, akachuchumaa kando yangu.

"Ni nyumba ya nani?"

"Ni yetu. Ile ya kule."

"Na hapa?" Aliweka kidole ndani ya chumba cha kona.

"Hapo ni chumba ya mama mukwe."

"Ule mama iko wapi sasa?"

"Sijue, mama. Wote sijue."

Alikitoa kidole chake mle chumbani polepole. Kisha akasimama akipangusa magoti.

"Asubuhi watoto wanakuya. Wakute vitu yote ndani ya katoni. Lakini kisha saa sita, kama unapenda, ufunguo itabakia kwako."

Ndivyo ilivyokuwa kwa miezi mingi. Mchana nilijenga, jioni nilibomoa. Nyumba ile niliijenga labda mara mia, na kila mara nilikumbuka kitu kilichokuwa kimenitoka: ngazi moja mbele ya mlango, kipande cha ukuta tulichokipinda kidogo kwa sababu kamba ya mwashi ilikuwa imelegea. Nilijifunza kutengeneza paa la mteremko kwa kurudisha kila safu hatua moja nyuma. Vya manjano nilivitumia kwa milango tu, maana vilikuwa vichache. Watu wa hema nililolala walijua. "Mwalimu anarudilia utoto," walisema, wakacheka, lakini bila ubaya.

Sitasema uongo kwamba ilikuwa huzuni tupu. Ziko siku nilizojenga saa mbili nzima bila kumfikiria mtu yeyote, nikishughulika na kona moja iliyokataa kunyooka, na moyo ukawa mwepesi kabisa. Nilipotoka nje na kuona moshi wa majiko ya watu na kina mama wakiwaita watoto wale, nilijisikia kama mtu aliyekula peke yake kwa kujificha. Usiku nilikuwa najiapiza kwamba kesho sitajenga. Kesho nilijenga.

Habari ya kwanza ililetwa na mwanamke aliyekuwa akiuza samaki wa chumvi kambini. Alikuwa ametoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Uganda. Mtu alikuwa amemweleza habari za mwalimu anayetafuta mke mwenye kovu kwenye kidevu.

"Nilimuona," aliniambia, bila kuacha kupanga samaki wake. "Iko na mutoto mwanamuke. Mutoto ananenepa."

Nilishika ukingo wa beseni lake. "Na muzee? Mama yake?"

Sasa aliacha kupanga. "Mimi nilimuona ye na mutoto tu, Mwalimu. Pengine muzee alikuwa ndani."

Nililishika hilo neno, pengine alikuwa ndani. Siku ile nilipojenga nilikiweka chumba cha kona vizuri kuliko vyote, na kitanda ndani, cha vitofali viwili vyeupe.

Mji ulipoanza kutulia, hema lilifungwa. Vitofali vilikuwa vimepungua. Watoto walivichukua mfukoni kimoja kimoja, nami sikuwahi kuwakagua. Msimamizi alivikusanya vilivyobaki katika mfuko wa unga, akaufunga, akanikabidhi mbele ya watu wote kana kwamba ni cheti. "Hivi shirika halina kazi navyo tena," alisema. Nilipata darasa katika shule moja mjini na chumba cha kupanga mtaa wa Nyakasanza, nyuma ya soko. Meza ilikuwa moja. Upande mmoja nilisahihisha daftari za wanafunzi, upande wa pili nilijenga nyumba juu ya ubao, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikulazimika kuibomoa. Kila Jumapili niliifuta vumbi. Bugali yangu nilikula nikiitazama.

Mke wangu alifika mchana wa siku ya kazi, baada ya miaka miwili na nusu. Nilikuwa nimepata ujumbe kwamba wamevuka ziwa, lakini sikujua siku. Niliporudi kutoka shuleni nilikuta piki-piki mbele ya mlango, mtoto ameshushwa, amesimama na ndala kubwa kuliko miguu yake, ananitazama.

"Musalimie papa," mke wangu alimwambia.

"Jambo, muzee," mtoto alisema. Wiki tatu nzima aliniita muzee.

Sisi wawili tulishikana mikono kama watu waliokutana sokoni. Alikuwa amekonda, na alikuwa na namna mpya ya kutazama mlango kabla ya kuingia. Ndani, aliweka mzigo chini, akaiona nyumba. Alisimama mbele yake muda mrefu.

"Nani alijenga hii?"

"Ni mimi."

"Jikoni haikuwa huku."

"Ilikuwa huku. Nakumbuka."

"Mwalimu, mimi ndio nilikuwa napika mule, hapana weye. Jikoni ilikuwa upande wa migomba." Akaing'oa jikoni yote kwa mkono mmoja, akaipeleka upande wa pili, akaibana chini kwa kiganja. Alikuwa sahihi. Nyumba nzima ilijirekebisha machoni pangu, nikashangaa nilivyoishi nayo hivyo miezi yote ile.

Kisha akainama kwenye kona. Aliona kitanda.

"Hapa ni kwa mama?"

"Ndiyo."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda chetu. Mtoto alikuwa nje, tunamsikia akiongea na watoto wa jirani kwa lafudhi ya ng'ambo.

"Mama hakufika ku ziwa," alisema. "Alichoka mu njia. Alisema, muende, mimi nitafuata polepole. Nilimuacha chini ya mugomba, na maji ndani ya kikombe ya mutoto. Asubuhi nilirudia na watu wengine. Tulimuzika pale pale."

Nilisema pole. Hata neno hilo lilitoka vibaya. Nilinyoosha mkono nikitoe kile kitanda cha vitofali viwili, nikidhani kinamuumiza.

"Wacha," alisema. "Usiondoshe. Umuwekee dirisha tu. Chumba yake ilikuwa na dirisha, weye umesahau. Mama hakupenda giza."

Vitofali vyangu vya madirisha vilikuwa vimekwisha. Nililing'oa dirisha la chumba chetu sisi, nikatoboa ukuta wa kona, nikaliweka. Alilitazama, akalisogeza juu kidogo, na hapo ndipo alipolia, nami nikalia pamoja naye, kwa sauti, mpaka mtoto akaja kuchungulia.

Siku moja tulipanda kwenda kuiona nyumba yenyewe. Kulikuwa na majani marefu kuliko mimi, na safu tatu za matofali yetu, na ukuta ule uliopinda ukiwa umeanguka upande ule ule tuliokuwa tukiuhofia. Mke wangu alikata majani kidogo kwa mikono, kisha akaacha. Tulikwenda mahali alipolala mama yake, tukasali. Watu waliorudi huko walitushauri tusubiri kwanza, bado hakujawa salama. Tulirudi Bunia siku ile ile, tumekaa watatu nyuma ya dereva mmoja wa piki-piki.

Jumapili moja, baada ya misa, nilikuwa napiga pasi shati langu la kufundishia. Mke wangu alikuwa mezani, mgongo kwangu. Nilidhani anachambua mchele. Nilipotazama tena niliona anajenga, na kwamba hajagusa nyumba yetu. Alikuwa akitumia vile vya akiba, vya buluu, vilivyobaki mfukoni. Kilikuwa kijumba cha chumba kimoja chenye milango miwili, na mbele yake ukuta mfupi.

"Hiyo ni nini?" niliuliza.

"Ni kule ng'ambo."

Sikuwahi kukiona kijumba hicho. Miaka ile yote nilipokuwa nikiijenga nyumba ya Djugu, nikimweka ndani yake kila mchana, yeye alikuwa akiishi humu. Alinionyesha kwa ncha ya kidole bila kugeuka. Mjane mmoja aliyewapokea, muuza mihogo, alilala hapa. Wao wawili hapa, karibu na mlango, kwa sababu mtoto alikuwa anakohoa. Mvua iliingia hapa.

"Na hapa," alisema, "mutoto alianza kutembea."

Pasi ya makaa ilikuwa imetulia juu ya shati, mkono wangu juu yake. Mambo mengi nilikuwa nimeyalilia, lakini hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja: kwamba binti yangu aliinuka akatembea mara ya kwanza, na kwamba ilikuwa mahali fulani, kati ya mlango na ukuta.

"Alienda wapi?"

"Alikuwa anafuata kuku." Alipitisha kidole polepole toka mlangoni. "Hatua ine. Ya tano, akaanguka. Akajicheka ye mwenyewe."

"Unielezee toka siku ya kwanza," nilimwambia. "Toka mulifika."

"Shati yako inaungua, papa."

Nilitoa pasi nje, nikaiweka juu ya jiwe. Niliporudi nilivuta kiti, nikaketi kando yake. Alikuwa ameshatoa ukuta wa mbele ili nione ndani vizuri. Akaanza kusimulia.